Valvu iliyochoka: Ni maradhi au ni uzee?



 Ndugu msomaji, naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu makala hii imetokana nalo.

Mjomba wangu alikuwa na umri wa miaka 78. Aliishi Bunda, na kwa zaidi ya miaka 30 aliendesha malori ya pamba kati ya Bunda na Mwanza. Mwaka jana, baada ya Ramadhani, alianza kuchoka. Msikiti uko hatua kama mia tatu kutoka kwake, na alizoea kwenda mara tano kwa siku. Akaanza kupumzika njiani mara moja, kisha mara mbili. Alfajiri moja akaanguka akiwa anapanda ngazi za msikiti, akazimia kwa muda mfupi, kisha akazinduka mwenyewe. Katika zahanati moja walimpima presha wakasema, "Huyu mzee ni umri tu, mpeni uji apumzike." Watoto wake waliponipigia simu Musoma, nami nikasema hivyo hivyo, tena nikaongeza na hadithi.

Hadithi yenyewe ni sahihi, nayo imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (RA). Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, naye akawaambia wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa wowote ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja tu. Walipomuuliza ni upi, akawajibu kuwa ni uzee. Nikawaambia binamu zangu: mnaona, uzee hauna dawa, mwacheni mzee na dhikri zake. Wakaniamini, kwani mimi ndiye mwalimu wa dini katika ukoo.

Miezi mitatu ikapita. Alipozimia mara ya pili, binti yake hakunipigia simu. Alimpakia kwenye basi akampeleka Mwanza. Huko akapimwa moyo kwa altrasaundi, na daktari mmoja mwangalifu akampima na tumbo. Majibu yakawa mawili. La kwanza, valvu ya moyo inayofungua njia ya damu kwenda kwenye aota, yaani ule mshipa mkuu unaolisha mwili mzima, ilikuwa imeganda kwa chokaa hata ikabaki na upenyo mwembamba. La pili, aota yenyewe ilikuwa imetuna tumboni hadi kufikia sentimita 6. Kwa kawaida upana wake hapo ni kama sentimita 2, na kwa mwanamume ukifika sentimita 5.5 madaktari huanza kuzungumzia matengenezo, kwa sababu mshipa huo ukipasuka walio wengi hawaponi.

Sasa msomaji ajiulize swali ambalo mimi sikujiuliza. Valvu ile hupiga kazi kama mara 100,000 kwa siku. Mtu akiishi miaka 78 imefunguka na kufungwa zaidi ya mara bilioni mbili. Ikichoka, hayo ni maradhi au ni uzee? Kama ni maradhi, basi imo katika amri ya kujitibu. Kama ni uzee, imo katika lile pekee alilolitoa Mtume (SAW). Mtu asidhani swali hili ni la mchezo wa maneno, kwani jibu lake ndilo linaloamua kama mzee atapelekwa hospitali au atandikiwe kitanda sebuleni asubiri.

Kwa karne nyingi jibu lilikuwa rahisi, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Baadaye upasuaji wa kufungua kifua ulipopatikana, ulikuwa ni wa mwenye nguvu za kuuhimili. Kifua hupasuliwa, moyo husimamishwa, mashine hufanya kazi yake kwa muda, valvu mbovu hukatwa na mpya hushonwa. Kijana huvumilia. Mzee wa miaka 80 mwenye mapafu dhaifu mara nyingi aliambiwa na daktari kwa upole kwamba ni umri. Yaani hata daktari alikuwa akisoma hadithi ile ile bila kujua!

Kisha mambo yakabadilika. Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliingiza valvu mpya ndani ya moyo wa mtu bila kupasua kifua. Mgonjwa alikuwa na miaka 57, yuko mahututi, na madaktari wa upasuaji walikuwa wamemkataa. Njia hiyo kwa kawaida leo ni hivi: hutobolewa tundu dogo kwenye kinena, mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo, huku daktari akiangalia njia kwenye skrini. Valvu iliyokunjwa ndani ya wavu wa chuma husukumwa hadi mahali pake, kisha hufunguliwa kama mwavuli na kuibana ile iliyochakaa ukutani. Aota iliyotuna nayo ina tiba ya namna hiyo. Daktari Nicholas Volodos wa Kharkiv, Ukraine, aliianza mwaka 1987, na Juan Parodi wa Buenos Aires, Argentina, akaitumia kwa aota ya tumbo mwaka 1990. Huingizwa bomba la kitambaa lenye waya ndani ya mshipa, damu ikapita humo, na ile sehemu iliyotuna ikapumzika.

Mwenye maradhi yote mawili kwa pamoja, kama mjomba wangu, yuko katika mtihani zaidi. Ukianza kutengeneza mshipa wa tumbo kwa kupasua, moyo wenye valvu iliyobana huenda usihimili. Ukianza na moyo, damu ikaanza kusukumwa kwa nguvu mpya, kuna hofu kwamba mshipa uliotuna utapasuka. Kwa hiyo katika hospitali kubwa za dunia wako wazee waliotengenezewa vyote viwili kwa kikao kimoja, valvu kwanza kisha mshipa, kwa matundu ya kwenye vinena tu, wengine bila hata usingizi mzito. Subhanallah! Mtu ambaye miaka 30 iliyopita angeitwa mzee anayekufa, leo anaitwa mgonjwa na kupangiwa siku ya tiba.

Hapa ndipo nilipoona kosa langu lilipo. Mtume (SAW) alisema uzee hauna dawa, na hilo ni kweli hadi Kiyama. Lakini hakusema kwamba kila kinachompata mzee ni uzee. Hayo niliyaongeza mimi. Mzee akivunjika mguu hatusemi ni uzee tukamwacha bila kufungwa. Akipata mtoto wa jicho tunampeleka akafanyiwe upasuaji. Kwa nini moyo wake tuuite uzee? Kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba dawa yake iko mbali na ina gharama. Tumechukua umbali wa hospitali tukaufanya kuwa hukumu ya dini.

Nilipofungua vitabu nilikuta wanazuoni wa zama zetu wamelitazama jambo hili vizuri kuliko nilivyolitazama. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha saba mwezi Mei 1992, ilitoa azimio namba 67 kuhusu matibabu. Ilieleza kwamba asili ya kujitibu ni jambo la kisheria, kisha hukumu yake hutofautiana. Huwa wajibu pale ambapo kuacha kutaleta kifo, kupotea kwa kiungo, ulemavu au kuambukiza wengine. Huwa sunna pale ambapo kuacha kutadhoofisha mwili. Na huwa makuruhu ikiwa tiba yenyewe inahofiwa kuleta baya zaidi. Na jambo lililonigusa zaidi ni kwamba Majmaa ilisema hali ya kukatiwa tamaa hupimwa kwa makadirio ya madaktari, kwa uwezo wa tiba uliopo katika kila zama na mahali, na kwa hali ya mgonjwa mwenyewe.

Zama na mahali. Maneno hayo mawili yananisumbua mpaka leo. Maana yake ni kwamba mzee mmoja, mwenye valvu ile ile, akiwa Rouen ni mgonjwa na akiwa Bunda ni mzee tu. Fiqhi inakubali kwamba hali zinatofautiana, na Allah (SW) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uweza wake (2:286). Lakini kukubali kwamba Bunda haina tiba si sawa na kuridhika kwamba Bunda isiwe nayo. La kwanza ni udhuru. La pili ni uzembe uliovaa kanzu.

Turudi kwenye kikao. Tulikutana Butiama, nyumbani kwa mdogo wake mjomba, si mbali na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere. Mjomba aliletwa, akakalishwa kwenye kiti chini ya mwembe. Alikuwa amepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Alhamdulillah, nchi yetu imepiga hatua katika jambo hili. Kabla ya mwaka 2008, ulipoanza upasuaji wa kufungua kifua pale Muhimbili, wengi walipelekwa India. Taasisi ilianza mwaka 2015, na leo magonjwa mengi ya moyo hutibiwa hapo kwa tundu dogo, na madaktari wake hufika mikoani kwa tiba mkoba. Lakini tuliambiwa mapema tujiandae: valvu za aina hii ni ghali. Huko Marekani valvu peke yake, kabla ya kitanda na daktari, huuzwa kwa takriban dola 30,000. Hata ukimuuza kila ng'ombe kwa shilingi milioni moja, unahitaji zizi la ng'ombe zaidi ya 70.

Kaka mkubwa akataka kiwanja cha Musoma kiuzwe. Mdogo wake akasema wajukuu wako shule, watasomeshwa na nini? Mzee mmoja wa jirani akatoa hoja iliyowanyamazisha wengi. Alisema, "Mwalimu alipelekwa London mwaka 1999, kwenye hospitali kubwa ya St Thomas, na bado alirudi kwenye jeneza ana miaka 77. Kama London haikumzuia Mwalimu, itamzuia nani?"

Ni hoja inayosikika sana misibani, lakini haisimami. Kwa hoja hiyo hiyo tungeacha kula, kwani wote waliokula walikufa. Hakuna Muislamu anayedai kwamba tiba inazuia ajali. Kila umma una ajali yake (7:34), na kila mtu vile vile. Umar bin Khattab (RA) alipogeuza safari ya Sham kwa ajili ya tauni, Abu Ubayda (RA) alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akajibu kuwa anaitoka qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Tiba ni qadar kama maradhi yalivyo qadar.

Hata hivyo tusivuke mpaka upande wa pili tukaifanya tiba kuwa mungu. Yule mgonjwa wa kwanza wa Rouen alifariki baada ya wiki 17 kwa matatizo mengine. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010 juu ya wazee wasioweza kupasuliwa, waliobaki na dawa za kawaida nusu yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa valvu kwa tundu dogo walifariki kama 3 katika kila 10. Tofauti ni kubwa. Lakini baada ya miaka mitano, hata kati ya waliowekewa valvu kama 7 katika kila 10 walikuwa wamekwisha fariki. Valvu ilitibika, uzee haukutibika. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo tafsiri ya hadithi ya Usama bin Sharik.

Binti yake mjomba alikuwa na wasiwasi mwingine. Alisikia kwamba valvu hizo hutengenezwa kwa nguruwe. Ni kweli kwa baadhi, si kwa zote. Valvu hizi za tundu dogo hutengenezwa kwa ngozi laini inayozunguka moyo wa mnyama. Zipo za ng'ombe na zipo za nguruwe, na mgonjwa ana haki ya kuuliza. Ikipatikana ya ng'ombe, tuichukue. Isipopatikana na kuna hofu ya kifo, Qur'an (2:173) iliyoharamisha nyama ya nguruwe ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa dhambini aliyefikwa na dharura bila ya kutamani wala kupita kiasi. Na anayejidai mchamungu zaidi ya aya afahamu kwamba heparini, dawa ya kuzuia damu isigande ambayo hutumika karibu katika kila upasuaji wa moyo, kwa sehemu kubwa duniani hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Wengi wameshaipata na wamepona, na hakuna aliyewaambia watubu.

Likabaki swali la kiwanja na wajukuu. Wakanigeukia: "Ustadh, dini inasemaje?" Safari hii sikuwa na hadithi mdomoni. Kabla sijafungua kinywa mjomba akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, ile valvu ingekuwa kifuani kwako, ungesema ni uzee?"

Sikumjibu. Niliomba siku nne nikasome.

Niliyoyakuta ni haya. Sa'd bin Abi Waqqas (RA) aliugua Makka akadhani anakufa, akataka kutoa mali yake yote sadaka. Mtume (SAW) akamruhusu thuluthi, tena akasema ni nyingi, na akamfundisha kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Imo katika Bukhari na Muslim. Katika Sunan Abu Dawud imekuja vile vile, ingawa wanazuoni wa hadithi wameijadili sanadi yake, kwamba Sa'd aliugua, Mtume (SAW) akaweka mkono kifuani pake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, akamuelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Na Sa'd, aliyedhani anakufa, aliishi miaka mingi baada ya hapo. Katika kisa cha sahaba mmoja nimepata mambo mawili: mtafute tabibu, wala usiwafilisi watoto.

Kwa hiyo nilirudi Butiama na jibu la vipande vitatu. Kwanza, kwenda Dar es Salaam kupimwa na kusikia madaktari wanasemaje ni lazima kwetu, kwa sababu nauli tunayo. Pili, si lazima kuuza paa la wajukuu kwa tiba ambayo haina uhakika. Watoto wakijitolea ni ihsani, wasipoweza hawana dhambi. Tatu, mwenye kuamua ni mgonjwa. Yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, Mtume (SAW) alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua. Hakuitwa kaka yake wala ustadh wake.

Mjomba akacheka, akasema, "Basi nitakwenda nikawasikie. Kiwanja msiuze. Ng'ombe wangu ni wangu, hao nitawauza mwenyewe." Tukakata tiketi za Jumatatu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi alipata maumivu makali ya tumbo na mgongo. Hakufika asubuhi. Innaa lillahi wainnaa ilayhi raajiun. Tulimzika Bunda baada ya Adhuhuri.

Waliokuja kunipa pole waliniambia ajali yake ilifika, na mimi naamini hivyo bila shaka yoyote. Lakini ndugu msomaji, ajali yake ni elimu ya Allah (SW), haikuwekwa iwe wakili wangu. Siku ya Kiyama sitaulizwa kwa nini alikufa Ijumaa. Naogopa kuulizwa kuhusu ile miezi mitatu, nilipotoa fatwa kwa simu bila kumuona mgonjwa, bila kuuliza daktari, na nikaipa jina la Mtume (SAW). Huenda angepimwa mapema akafa vile vile. Huenda tusingeipata fedha. Yote yawezekana, na hakuna hata moja linalonifutia kosa.

Nimeandika ili mwingine asifanye nilivyofanya. Mzee akianza kuhema kwa hatua chache, akibanwa kifua au akizimia anapotembea, tusimwambie ni umri kabla hajapimwa moyo. Maimamu na walimu wa madrasa tujizoeze kusema "muulize daktari kwanza". Misikiti yetu ya mjini, yenye feni na mazulia mapya, iwe na mfuko wa wagonjwa: nauli ya rufaa, bima za wazee, altrasaundi ya mara moja. Masikini aliyeugua anastahiki zaka kwa umasikini wake, na aliyeingia deni la tiba anastahiki kwa deni lake. Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo mwaka 1284 akaiwekea wakfu ili masikini atibiwe bure. Sisi wakfu zetu nyingi ni viwanja vyenye migogoro.

Na tusisahau la rahisi. Watoto wetu wengi valvu zao huharibika si kwa uzee bali kwa homa ya baridi yabisi, inayoanza na maumivu ya koo na ambayo penisilini ya bei ndogo huweza kuizuia. Atakayemtibu mtoto koo leo Musoma amempunguzia kesho haja ya valvu ya mamilioni.

Uzee utabaki bila dawa. Qur'an (30:54) imetueleza kwamba tumeumbwa katika udhaifu, tukapewa nguvu, kisha baada ya nguvu udhaifu na mvi. Mzee wetu akifika mwisho huo kweli, tumshike mkono, tumsomee, tumwache aende kwa heshima. Lakini tuhakikishe kwanza kwamba ni uzee unaomchukua, isiwe ni uvivu wetu.

Allah (SW) amrehemu mjomba wangu na atusamehe. Wallahu a'lam.

Mwandishi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, Musoma.